Sadallah Mtipa na Matairi ya Mchanga na Tope

Ijumaa, tarehe 28 Juni 1996, dereva wetu mkuu, Bwana Sadallah Mtipa, anakabidhi funguo za gari baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapeleka wauguzi wa Kliniki za Mkoba katika vijiji vya Masasi na Newala. Wengi tunamwita Baba Kibibi. Watoto wa Makote wanamwita Baba Upepo, na jina hilo lina kisa chake.

Alizaliwa Newala na kujifunza udereva kwenye malori ya korosho. Alipojiunga nasi mwaka 1970, hakukuwa na habari ya kuchagua tairi. Uliomba kibali, ukasubiri, ukafunga lililoletwa. Baba Kibibi husema kwamba miaka ile alijua kushona tairi kuliko kushona kifungo cha shati, na Mama Kibibi yupo kuthibitisha.

Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Masasi yakajaa matairi ya kila namna, mapya na mitumba. Mwaka 1990 Baba Kibibi aliingia dukani akatoka anatabasamu kama bwana harusi. Alikuwa ameona matairi mapana. Fundi wetu, Marko, hakuyapenda.

"Baba Kibibi, gari limevaa viatu vya baba yake," alisema. "Subiri masika."

"Marko, wewe hujaendesha kwenye mchanga wa Makote. Tairi jembamba linajichimbia kaburi."

Kwa miezi ya kiangazi, Baba Kibibi alikuwa mshindi. Juu kule kwenye uwanda wa Newala, ambako mchanga ni laini na mzito, Landrova yetu ilielea juu juu huku magari ya wafanyabiashara wa korosho yakisukumwa. Alipiga honi kwa kila aliyekwama, kisha akarudi kumvuta. Honi ilikuwa ya kujisifu. Kamba ilikuwa ya ubinadamu.

Masika yalipofika, Marko akapata zamu yake. Katika njia ya vijijini huku bondeni, jirani na Nanganga, tope lilikuwa jembamba juu, na chini yake udongo mgumu. Matairi mapana hayakuufikia ule ugumu. Yaliteleza juu ya tope, gari likaenda ubavu hadi kwenye jaruba la mpunga. Muuguzi Mwanaheri alitoka mzima, amekumbatia sanduku la chanjo. Baba Kibibi alimfuata jarubani.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nilichagua tairi kwa barabara moja, nikasahau kwamba tuna nyingi."

Hakuishia kwenye majuto. Yeye na Marko walifunga matairi membamba, wakaenda nayo Makote, wakazama mpaka ekseli. Wakati wakibishana nani achimbe, Baba Kibibi akatoa upepo kidogo kwenye magurudumu yote. Matairi yakalala, yakatanuka, gari likatoka taratibu. Tangu siku hiyo walishika msimamo mmoja. Gari la kubaki Newala tu livae tairi pana. Gari la kupanda na kushuka livae tairi la wastani linaloegemea wembamba, na lisitoke bila pampu na kipima upepo.

Mimi nilikuwamo garini siku msimamo huo ulipojaribiwa. Ilikuwa Machi 1992. Tulipokuwa Makote kwenye kliniki, Fortunatus alituletea mkewe Anjelina, aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amelala vibaya. Ilibidi afike hospitali ya Ndanda. Baba Kibibi alipunguza upepo, tukavuka mchanga bila kusimama. Lakini ukingoni mwa uwanda, kabla ya mteremko wa mawe, alizima gari na kuchukua pampu.

Fortunatus aliruka chini. "Mzee, mke wangu anakufa, wewe unajaza upepo!"

"Mwanangu, tairi lililolala hivi litakatwa na mawe. Likipasuka mteremkoni hatufiki kabisa." Akamnyooshea mpini. "Shika. Mimi nikichoka, wewe unaendelea."

Walipokezana. Fortunatus alipampu huku analia. Anjelina alikuwa amenishika mkono, akanung'unika, "Mwambieni asilie, apampu." Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha uchungu ukamrudia. Sitaki kusema nilikuwa jasiri. Niliona kila pumzi ya ile pampu imechelewa.

Mteremko tuliushuka salama. Chini, tope lilikuwa limelaza malori mawili pembeni. Baba Kibibi alipunguza mwendo, hakugusa breki, akaliacha tairi jembamba likate tope mpaka kwenye udongo mgumu. Tulisikia gari likishika. Tukatokea barabara kuu.

Anjelina alifanyiwa upasuaji alasiri ile ile, akapata mtoto wa kike, na wote wawili wakapona. Wiki iliyofuata Fortunatus alifika ofisini na jogoo, akamwamkia Baba Kibibi shikamoo mara mbili, ya pili akisema ni ya kuomba radhi. Akaitikiwa marahaba zote mbili. Fortunatus alilalamika tu kwamba mikono bado inamuuma.

Baada ya hapo madereva wote wa mradi walipitia mikononi mwa Baba Kibibi. Aliwashusha garini, akawafanya wakanyage ardhi kwa miguu kabla ya kuamua kiasi cha upepo. Alikuwa mkali kwa wavivu wa kupampu, na mpole kwa aliyekwama akakiri.

Jumanne iliyopita alifanya safari yake ya mwisho ya kliniki. Wakati wa kurudi alimpa funguo Husseni, mmoja wa madereva aliowafundisha, akaenda kukaa kiti cha abiria, mahali ambapo hatukuwahi kumwona. Tulidhani angetoa maelekezo njia nzima. Kabla hatujauacha mchanga wa Makote alikuwa amelala fofofo, na tulimwamsha Masasi.

Baba Kibibi, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemfikisha na kila mmoja wetu uliyemrudisha nyumbani. Mikorosho yako izae, Mama Kibibi akuchoshe kwa mazungumzo, na siku zako zote ziwe njema.

Shamila Nurdini, muuguzi
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kliniki za Mkoba