Bi Mwanaima na Makasia Mawili ya Kibirizi

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi Mwanaima Assani, mpiga picha wa Ofisi yetu ya Habari hapa Kigoma, anastaafu tarehe 30 Juni 1979. Sisi aliotukaripia miaka yote hiyo kwa kufungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha, sasa tutaunguza filamu zetu bila kuulizwa.

Mzaliwa huyu wa Ujiji aliajiriwa mwaka 1957 kusafisha picha. Kamera aliishika baada ya Uhuru, mpiga picha aliyekuwapo alipohamishwa. Aliambiwa ashikilie kwa muda tu. Muda huo ndio unaokwisha leo.

Wengine huanza na mwanga. Yeye huanza na salamu. Hagusi kamera kabla ya kujua mgonjwa wa nyumba hiyo anaendeleaje na mahindi yameota vipi. Ndiyo maana watu wa kwenye picha zake wanakutazama kama mgeni wao waliyekuwa wakimngoja. Safari moja ya Kagunga, ziwa lilichafuka, akaifunga kamera mgongoni kwa kanga mbili isilowe. Aliposhuka, kina mama walimpa hongera ya mtoto na bakuli la uji wa mzazi. Aliunywa wote, ndipo akamfungua mtoto wao wamwone.

Lakini jina lake lilivuma mwaka 1971. Ofisi ilitakiwa kutundika kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini picha za wananchi wakiwa kazini, naye akatumwa ufukweni Kibirizi kwa wanawake wanaoanika dagaa. Mkuu wetu wa wakati huo alimweleza wazi kwamba akiharibu, atarudi kusafisha picha na kamera atapewa mwingine.

Alipofika, kina mama waliacha dagaa mchangani wakaenda kuoga. Walirudi na kanga za sandukuni, wamejipaka mafuta, na jozi moja ya viatu wakiazimana. Kiongozi wao, Mama Rozalia, alimweleza kwamba mtu hapigwi picha na magamba mikononi, maana picha itabaki kwa wajukuu. Tena miguu ionekane yote. Picha inayokata miguu imemkata mtu. Bi Mwanaima angeweza kuwavizia wakiwa wameinama, na kazi yake ikasalimika. Hakutaka. Alifunga shuka jeupe kati ya makasia mawili, akawasimamisha mmoja mmoja, dagaa wakimeremeta mbele ya miguu yao.

Mkuu alizitazama picha akasema hapo haoni kazi, anaona harusi. Muda wa kupiga nyingine haukuwepo, zikatundikwa hivyo hivyo, na Bi Mwanaima akaanza kukusanya vitu vyake.

Siku ya maonyesho, kina mama wa Kibirizi walikuja wenyewe, na kanga zilezile. Kila mmoja alisimama kando ya picha yake akawaeleza wageni jinsi ya kuanika dagaa wasiingiwe na mchanga. Watu waliacha mabanda ya matrekta wakajaa kwetu. Mgeni rasmi alipita, akarudi na mkewe. Wiki ileile mkuu alimkabidhi Bi Mwanaima kamera mpya, bila maelezo, naye hakuyadai. Leo ingia studio yoyote ya mtaa wa Mwanga hapa mjini, utakuta shuka jeupe na makasia mawili, hata kwa wateja ambao hawajawahi kupanda mtumbwi. Sisi tunajua yalitoka wapi, na tunajivuna.

Cha ajabu, ofisini hatuna picha hata moja ya Bi Mwanaima. Mchana huu nimepewa mimi kazi ya kumpiga picha. Mama Rozalia ameleta makasia. Bi Mwanaima ametoa kanga ya sandukuni na kuagiza jambo moja tu: miguu yote ionekane.

Ahsante, dada yetu. Ukae Ujiji kwa afya na raha. Na tukija kukutembelea, tutaanza na salamu.

Feliksi Gervasi, chumba cha giza