Raili Törmänen na Kigong'ota wa Mibetula Iliyokufa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo, iwe mnapasha gari moto uani au mmekwisha kusogeza miguu karibu na jiko. Leo tunamkumbuka Raili Törmänen wa Hirvivaara. Raili amefariki. Alizikwa Jumamosi iliyopita, na ardhi ilibidi iyeyushwe kwanza ndipo kaburi lichimbike. Msikilizaji mmoja amenipigia simu akaniomba niseme kwamba marehemu alikuwa mpole. Samahani sana, sitasema. Raili alikuwa mbishi, na leo nataka mjue alibishania nini.

Wengi wenu mlimjua kama dereva wa basi la maktaba. Ukimrudishia kitabu chenye doa la kahawa, alikuuliza mbele ya watu kama ulikisoma au ulikinywa. Alipostaafu akanunua kamera, akaanza kupiga picha ndege wa porini. Na si kiangazi, kama watu wenye akili zao. Wakati wa baridi. Siku moja alikuja humu studio, nikamuuliza sababu.

"Kiangazi kila ndege ni mgeni," akanijibu. "Mimi nawataka waliobaki."

Sasa nisikilizeni vizuri. Nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake, alimokuwa akiishi Raili, kuna msitu wa mibetula mizee, ile miti ya gome jeupe. Mingi imekufa, lakini imesimama. Msitu huo ulikuwa mali ya watu wawili, Raili na mdogo wake, Taisto. Bila saini za wote wawili, hauuzwi hata mti mmoja. Tena pale chini ni kinamasi, mashine ya kukatia miti haipiti mpaka ardhi igande. Kwa hiyo kila baridi ilipokaza, Taisto alitaka kuuza, na Raili alikataa.

Waligombana kila Jumamosi, siku ya sauna, bafu letu la mvuke. Ndani ya sauna hakuna ugomvi, hilo hatufundishani. Wao waligombania nje, kwenye ngazi, mmoja akitoka na mvuke wake, mwingine akisubiri na taulo.

"Dada, ile ni miti au maiti?" Taisto alikuwa akimwuliza. "Paa la mama linavuja, wewe unalinda kuni mbovu!"

"Si kuni, ni jiko la watu."

"Watu gani? Ndege! Ungeolewa na ndege, basi."

"Wangekuwa wanaposa ningeshaolewa zamani. Angalau hawanuki soksi."

Ndege mwenyewe aliyekuwa akigombaniwa ni kigong'ota mgongo-mweupe. Ni adimu. Anakula mabuu ndani ya miti ya majani iliyokufa, na sheria inalinda mahali anapoishi. Anapoishi, wasikilizaji wapendwa, si anapopita. Raili alimwona msituni kwake, akampiga picha, akaipeleka ofisi ya mazingira akijua kazi imekwisha.

Lakini alikuwa amefanya kosa ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Sisi tukiona baridi tunatundika shahamu ya nguruwe mtini kwa ajili ya ndege. Hata hatufikirii, mkono unakwenda wenyewe. Picha ya Raili ilimwonyesha kigong'ota akining'inia kwenye donge la shahamu.

Ofisa, Bi Henna Kantola, alikuja mwenyewe. Akanywa kahawa, akaisifu picha, kisha akasema, "Mama, huyu umemwalika. Nitajuaje kama anaishi hapa, au amekuja karamuni tu akaondoka?"

Raili alinuna kwa siku kadhaa. Halafu akakubali kwamba yule ofisa amesema kweli. Alihitaji picha ya kigong'ota akijitafutia riziki kwenye mti uliokufa, bila shahamu karibu. Na hapo akakwama. Baridi ilikuwa imeshaingia, na ukishaanza kulisha huachi katikati. Ndege wadogo wamekutegemea, ukiacha, unawaua. Nani kati yetu angethubutu?

Raili hakuacha. Aliihamisha shahamu. Kila asubuhi alilisogeza donge umbali wa miti michache kuelekea nyumbani, na ndege wadogo wakamfuata wakimpigia kelele, mpaka siku moja donge likaning'inia mbele ya dirisha la jiko lake. Msitu ukabaki bila shahamu. Humo akasimamisha kibanda chake cha turubai, akatandika ngozi ya paa wa theluji, akakaa kusubiri.

Wakati huo mapafu yake yalikuwa yameshaharibika. Daktari alimkataza baridi kabisa. Taisto ameniambia hivi: "Nilimfuata kibandani nikamwambia, dada, utafia humu. Akaniambia, nyamaza, unamfukuza. Nikarudi nyumbani nalia kwa hasira."

Alikaa na betri za kamera kwapani zisife kwa baridi. Alipumulia ndani ya skafu, lenzi isigande. Siku nyingi hakuona kitu. Januari hii akampata. Picha ninayo mbele yangu. Kigong'ota dume, kofia nyekundu, mdomo umetoka kwenye gome na buu nono limebanwa katikati. Vumbi la mbao linaanguka juu ya theluji. Hakuna shahamu. Narudia, hakuna shahamu.

Bi Kantola akajibu kwamba hiyo sasa ni hoja. Atakuja majira ya kuchipua, ndege wakitaga, kuthibitisha. Mpaka hapo, uamuzi ni wa wenye msitu. Raili alilisoma jibu hilo hospitalini. Wiki iliyofuata akafariki.

Hakuwa na mume wala mtoto. Msitu mzima sasa ni wa Taisto. Saini imebaki moja, na ardhi bado imeganda.

Baada ya mazishi tulikunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa. Mnunuzi wa mbao alikuwepo. Alitoa pole zake vizuri, kisha akamfuata Taisto pale yanapotundikwa makoti akamwuliza kwa sauti ya chini kama mashine inaweza kuja wiki hii, kabla theluji haijalainika. Mimi nilikuwa pale pale natafuta glavu zangu. Taisto alikuwa ameinama. Nilidhani analia, kumbe anafunga viatu.

Akainuka. "Nimebishana na dada yangu miaka yote akiwa mzima, sikumshinda," akasema. "Unataka nimshinde leo, amelala kaburini? Mimi si mwoga kiasi hicho."

Mzee Taisto, kwa niaba ya kituo chetu na wote wanaotusikiliza, pole sana. Umepoteza dada, na umepoteza mtu wa kugombana naye. Sijui lipi linauma zaidi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii mkitazama nje, jiulizeni ni kitu gani mngekikalia kwenye baridi ile huku daktari amekataza. Kama hamna, kitafuteni.

Na wewe mwenye mashine, najua unatusikiliza. Njia ya kinamasi imezibwa. Taisto ameegesha trekta lake katikati, akatoa magurudumu yote manne, akayafungia ghalani. Ameniomba niseme hewani kwamba atayarudisha mwenyewe, Bi Kantola akishafika kuthibitisha.