Njia Inayohama na Mtunzaji Wake, Belarmino Taveira

Baada ya kuitumikia ofisi ya kata ya Penedo Manso kwa miaka thelathini na sita, Bwana Belarmino Taveira, mtunza njia ya majabalini, anastaafu rasmi tarehe 31 Mei mwaka huu. Wafanyakazi wenzake tuliambiwa aandike mtu mmoja, kwa kifupi na kwa adabu. Nikachaguliwa mimi, Ondina wa dawati la wageni, kwa sababu malalamiko yote kumhusu yalipitia kwangu. Adabu nitajitahidi.

Belarmino alizaliwa hapa hapa, katika nyumba yenye ukanda wa buluu chini ya madirisha, na alianza kazi akiwa kibarua wa kubeba ndoo ya rangi. Mkataba wake unasema kazi yake ni kutunza alama na usalama wa njia. Ukweli ni kwamba amekuwa akiihamisha. Kila majira ya baridi bahari inamega majabali kidogo kidogo, na kila machipuko yeye huchukua jembe, reki na kopo lake la rangi, akaisogeza njia hatua chache kuelekea bara. Waliopita pale wakiwa wameshikwa mkono na baba zao sasa wanapita na wajukuu, nao wanadhani ni njia ile ile. Siyo. Ya utotoni mwao iko hewani, juu ya maji, na shakwe ndio wanaopita huko.

Sijui kama aliyewahi kutembea nyuma ya Belarmino asubuhi ya ukungu anahitaji kuelezwa lolote. Unasikia buti zake lakini yeye humwoni. Unasikia harufu ya rosemari aliyoipapasa akipita, kisha chumvi, kisha mvuke wa udongo unaoanza kupata joto. Bahari iko chini mahali fulani, inapumua. Halafu ukungu unafunguka upande mmoja tu na unaona ndege korongo wamesimama kwenye viota vyao, juu ya jabali lililojitenga na nchi kavu, wakiwa wametulia kabisa kana kwamba ni wao waliotuwekea miadi. Belarmino husimama. Wageni wanaoongea sana huacha kuongea, na mimi ambaye nimewaona korongo hao maisha yangu yote nimetokwa na machozi pale zaidi ya mara moja.

Bwana mmoja kutoka Lisbon, aliyelipia mafunzo ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, aliwahi kumwuliza kwa ukali ukungu utaondoka saa ngapi. Belarmino akamjibu, “Haujaniambia.” Malalamiko hayo nayo yaliletwa kwangu.

Ngazi za mbao za kushukia ghuba ya Malva ni kazi ya mikono yake. Kabla ya hapo wabandua kombe wa miambani walishuka kwa kamba, na vijana wenye mbao za mawimbi walishuka kwa makalio. Benchi la korongo ni wazo lake, na hata kamba inayofungwa wakati wa vifaranga ili watu wasisogee. Aliwafundisha watoto wa shule yetu kutazama mashimo ya maji yanayoachwa na bahari ikipwa bila kutia mkono, jambo ambalo walimu wao walikuwa wamelikatia tamaa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kata nzima inalijua na hakuna aliyetaka kuliandika.

Sisi wa Penedo Manso tuna tabia ya kuelekeza watu kwa vitu visivyokuwepo. Tunasema pinda kwenye tanuri, na tanuri lilibomolewa kabla sijaolewa. Tunasema teremka kwenye kinu cha upepo, na pale pamebaki duara la nyasi. Kati yetu hatupotei, kwa kuwa sote bado tunaviona. Sasa Belarmino, siku moja ya ukungu, aliliambia kundi la Wajerumani watangulie na wapinde kushoto kwenye mtini wa Graciete. Mtini huo ulikuwa umekatwa zamani. Wajerumani ni watu waaminifu. Walitafuta mtini mpaka wakaupata, mwingine kabisa, ndani ya ukuta wa bustani ya huyo huyo Graciete, wakaruka ukuta, wakapinda kushoto, na wakapita wote kwa mstari juu ya matuta ya viazi vitamu vilivyokuwa vimeshika siku chache tu.

Bi Graciete Morgado ni dada mkubwa wa marehemu Ilda, mke wa Belarmino. Ilda alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Miche ile ya viazi ilikuwa ya mwisho waliyoipanda pamoja, dada na mdogo wake. Wageni hawakulijua hilo. Belarmino alilijua, na badala ya kwenda kumwomba radhi siku ile ile, aliona haya. Haya ya siku moja ikawa ya wiki, na ya wiki ikawa ya miaka. Bi Graciete akaacha kumtaja jina. Alipolazimika alimwita “yule mtu wa kata”.

Majira ya baridi yaliyopita jabali la Ponta lilimeguka vibaya. Halmashauri ikatuma wataalamu wake, wakapima, wakasema njia ifungwe kwa uzio kuanzia kwenye kikanisa, isipokuwa tupate mahali pengine pa kuipitisha kabla ya mwisho wa Mei. Hakuna Malva tena, wala korongo, wala ngazi. Kazi yote ya Belarmino ingeishia kwenye uzio, katika wiki ile ile ya kustaafu kwake. Upande mmoja kuna bonde la kijito lisilopitika. Upande wa pili kuna bustani ya Bi Graciete.

Mwenyekiti wetu wa kata, Bwana Adérito, alikwenda kumwomba akiwa na keki. Alirudi na keki. Nilikwenda mimi, nikakaribishwa kahawa, nikaulizwa hali ya goti langu, na nilipofika kwenye suala la njia Bi Graciete akasema, “Mwenye njia hana miguu?” Nilimfikishia Belarmino neno hilo kama lilivyo. Aliosha brashi zake kwa muda mrefu mno.

Ikafika Alhamisi ya Kupaa, siku ambayo sisi sote hutoka mashambani kuchuma masuke ya ngano, maua mekundu ya porini, tawi la mzeituni na rosemari, tukafunga fungu moja la kutundika nyuma ya mlango mpaka mwaka ujao. Tulikuwa kundi zima na vikapu vyetu, tukimfuata Belarmino kwenye mwanga ule wa asubuhi unaofanya hata mawe yaonekane mepesi. Naye alichuma fungu lake. Tulipofika karibu na ule ukuta akatuinulia mkono tusimame, akaenda peke yake. Bi Graciete alikuwa akilima, ametugeuzia mgongo.

“Umeniletea tena kundi lako?” akasema bila kugeuka.

“Wamesimama kule. Nimekuja mwenyewe.”

“Na miaka yote hii ulikuwa wapi? Miguu ilikuuma?”

“Nilikuwa naona haya, Graciete.”

“Haya! Mtu anapandisha Wajerumani majabalini, anaona haya kwa mwanamke mwenye jembe.”

“Hasa akiwa na jembe.”

Tulisikia kicheko kidogo, kile cha mtu asiyetaka kucheka. Belarmino akampa lile fungu juu ya ukuta. Alimwambia kwamba Ilda ndiye aliyekuwa akimletea kila mwaka, na kwamba yeye angepaswa kuendelea kuleta, na kwamba alikosa. Alisema kuhusu viazi pia. Alisema yote, kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Bi Graciete akalinusa fungu, akaligeuza geuza.

“Umesahau mzeituni.”

“Nimesahau.”

“Ilda hakusahau hata siku moja.” Akaliegemeza jembe ukutani. Bahari ilisikika. “Haya, sema shida yako. Unataka njia.”

“Nataka. Tusipopata pa kupita, Jumatatu wanafunga. Na mimi sina cha kukupa.”

“Nani kakuambia nataka kitu? Toa mawe pale pembeni, pale ukuta umelegea, uwapitishe kando ya matuta. Kando, umenisikia? Lakini usije ukanipitishia wageni mlangoni kila siku, halafu wewe mwenyewe ukajifungia nyumbani eti umestaafu. Ofisi unaweza kuiacha. Kwangu utapita, shemeji.”

Belarmino alilia pale pale, mzee mzima, na sisi kundi zima tukageuka kutazama korongo ambao kutoka mahali pale hawaonekani.

Ukuta ulifunguliwa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alibeba mawe akiwa na viatu vya ofisini. Bi Graciete aliketi kwenye kiti katikati ya bustani na kumwelekeza kila mtu pa kukanyaga. Wataalamu wa halmashauri walipokuja Ijumaa waliikuta njia mpya imekanyagwa na imepakwa alama, rangi bado mbichi, wakaipita mpaka Malva na kurudi, wakasema inafaa.

Bwana Belarmino, kata inakushukuru kwa ngazi, kwa benchi, kwa kila hatua uliyoturudisha nyuma kutoka kwenye ukingo bila sisi kujua. Wageni waliopotea kwa maelekezo yako wanakushukuru pia, wengi wao, kwa maana walifika mahali ambapo wasingefika wakiwa na ramani. Mimi binafsi nakushukuru kwa asubuhi zile za ukungu. Sitazizoea bila buti zako mbele yangu.

Hafla ya kumuaga ni Jumamosi tarehe 31, ukumbi wa kata, na tafadhali tuanze kwa wakati, maana mstaafu amealikwa chakula cha jioni mahali pengine na mwenyeji wake hapendi kungoja. Tunakuombea afya, miguu mizuri na siku nyingi zisizo na haraka. Nenda taratibu, Belarmino, pita kando ya matuta. Mlango uko wazi, na aliyeufungua anakuita shemeji.