Mwalimu Viateur Twagirimana wa Darasa la Sita, Mapendo

Ndugu, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani: mimi ni Emerance, mtoto wake wa kwanza. Familia imeniomba nisome maisha ya papa yetu. Nitasoma polepole, kwa sababu yeye hakupenda mtu anayekimbiza maandishi.

Mwalimu Viateur Twagirimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Jomba, upande wa Bunagana. Baba yake alikuwa mfugaji Havugimana, na mama yake Nyiramahirwe. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Alisoma shule ya misheni pale Jomba, kisha miaka mitatu ya sekondari Rutshuru. Mwaka 1971 baba yake alifariki, ng'ombe wakauzwa, naye akaacha masomo. Mwaka uliofuata aliingia jeshini.

Alibeba bunduki miaka saba. Mwaka 1978 alikuwa mkoa wa Shaba wakati wa vita vya Kolwezi, na aliyoyaona huko hakuyasimulia mezani. Lakini jambo moja alilisimulia kila Noeli. Mwenzake wa hema, Sikuli wa Butembo, hakujua kusoma wala kuandika. Viateur ndiye aliyemsomea barua za dada yake, Henriette, na kuzijibu. Sikuli alikuwa akitamka mistari miwili, Viateur anaandika kurasa mbili. Siku moja jibu likaja: "Kaka yangu hana maneno mingi hivi. Wewe mwenye kuandika, uko nani?" Viateur aliisoma barua yote kwa sauti, isipokuwa mstari huo.

Baadaye alimfundisha Sikuli kusoma, kwa mkaa juu ya masanduku ya risasi. Barua ya kwanza ambayo Sikuli alijisomea mwenyewe ilikuwa ile ile. Akacheka mpaka machozi. "Shemeji," akasema, "ulinificha!" Papa alituambia kwamba siku hiyo alipata mke na kazi kwa mara moja.

Alitoka jeshini mwaka 1979, akarudi kukaa kwenye benchi la shule hapa Goma, mtu wa miaka ishirini na sita kati ya vijana. Alipata diploma ya ualimu mwaka 1982, na tarehe 7 Agosti mwaka huo alifunga ndoa na Henriette huko Butembo. Baba mkwe alisita: "Mutoto wangu aende mbali vile, kwa watu wenye sijue luga yao?" Viateur akamjibu, "Papa, nitajifunza yenu." Akajifunza kweli. Tangu hapo yeye na mama waligombana kwa Kinande ili sisi watoto tusielewe, na tulielewa yote.

Mungu aliwapa watoto sita. Umurerwa alituacha Julai 1994, kwa kolera, akiwa na miaka minne. Papa alimbeba mwenyewe mpaka makaburini.

Tangu 1982 mpaka 2018 alifundisha darasa la sita hapa Mapendo. Shule ilipofunikwa na lava mwaka 2002, alifundisha juu ya mawe, ubao wake ukiwa mlango uliookolewa kwenye nyumba ya jirani. Na vita vilipojaza watu kambi ya Mugunga mwaka 2012, alienda huko kila siku mchana, kwa miguu, kufundisha watoto wa wakimbizi.

Siku moja ya Novemba watu wenye silaha waliingia katika darasa lile. Walitaka vijana wa kubeba mizigo, na kila mtu alijua kwamba mwenye kubeba mizigo leo, kesho anapewa bunduki. Waliwasimamisha vijana kumi na mmoja. Mwalimu akasimama mlangoni.

"Munikamate mimi," akasema. "Mimi nilikuwa soda, nilibeba bunduki miaka saba. Hawa hawajue kitu. Wako na examen."

Walimcheka, muzee wa miaka hamsini na tisa. Kisha wakamtwika gunia la maharagwe, wakaondoka naye peke yake.

Siku nne hatukupata habari. Majirani walianza kuleta viti vya matanga, na mama akavirudisha. "Mutu hayakufa. Munaleta viti ya nini?" Siku ya tano alifika bila viatu, mguu wa kuume umepasuka. Aliomba maji, halafu akauliza nani alishika darasa lake. Vijana wote kumi na mmoja walifanya mtihani mwaka ule, na tisa walifaulu.

Mguu ule haukupona vizuri. Ugonjwa wa sukari ulipomshika mwaka 2016, vidonda vilianzia hapo, na mwaka 2023 mguu ulikatwa. Januari mwaka huu, mapigano yalipofika mjini, dawa ilikosekana wiki nyingi, na nguvu zake hazikurudi tena.

Mwezi wa nane aliniita karibu na kitanda. "Emerance, watu wanasema kule Mugunga sikuogopa. Niliogopa sana. Nililia njiani kama mutoto. Hawakunirudisha, waliniachilia kwa barabara, sababu sikuweza tena kutembea. Utasema ile siku yenye mutanizika. Wale vijana wasifikiri ni watu wasioogopa tu ndio wanasimamaka."

Papa, nimesema.

Alifariki nyumbani Mapendo, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Anaacha mke wake Henriette. Watoto Emerance, Byiringiro, Charline, Joviale na Uwimbabazi. Wajukuu kumi na wanne. Na shemeji yake Sikuli, aliyezungukia Uganda na Bunagana siku mbili, kwa sababu vita vimefunga barabara ya Butembo, ili awe hapa nasi. Anaacha pia wanafunzi wa miaka thelathini na sita, ambao wengi naona mumesimama kwa sababu viti havikutosha.

Mwalimu, darasa limefika lote. Ulale kwa amani ya Mungu.