Kwa Nini Laban Kitonga Aliacha Kuhudumia Meza

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati, na nimeona nianze nalo kabla sijaogopa tena. Bwana Laban Kitonga, baba yangu, hakuacha kuhudumia meza kwa sababu ya miguu. Aliacha kwa sababu yangu.

Sasa niandike vile mambo haya huandikwa. Bwana Laban Kitonga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia Tulizana Hoteli, Makadara, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa Septemba 1994 kuosha vyombo. Miezi minane baadaye weita mmoja hakuonekana, Laban akapewa aproni na trei, na hakurudi tena kwenye karai. Mwaka wa 2006 alifanywa mkuu wa wahudumu. Hajawahi kuandikiwa barua ya onyo. Alichelewa kazini mara tatu tu, na kila mara kulikuwa na mtoto anayezaliwa kwetu: kwanza mimi, Mbinya, halafu Kavutha, halafu Mwanzia.

Meneja, Bwana Ng'ang'a, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wafanyakazi walisukumiana kazi hiyo wiki nzima, na kwa kuwa niko kidato cha tatu na lugha zote mbili naziweza, niwaokoe. Aliomba ukurasa mmoja wa kuchekesha. Nitajaribu kuchekesha kwanza.

Wageni wa Tulizana wengi hutoka kortini, ng'ambo ya barabara. Huja wakiwa wameshinda, wameshindwa, au wameambiwa warudi mwezi ujao. Wengine huja na watoto, kwa sababu hakuna wa kuachiwa nyumbani. Laban alikuwa na namna yake ya kupokea meza yenye mtoto, na kila weita mpya alifundishwa hiyo kabla ya kufundishwa menyu. Akiona mtoto mlangoni, alifika mezani kabla ya familia kuketi. Aliondoa maua, chumvi na pilipili. Halafu alitoa kitambaa cha meza, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kreti mbili za soda zilizopinduliwa, na hapo ndipo mtoto alipoketi, akiwa juu sawa na wakubwa. Nusu chapati iliyokatwakatwa ilifika kabla hajauliza wazazi watakula nini. Chai hakuimimina mezani kamwe. Aliimimina pembeni, akaileta kwenye kikombe kisichojaa.

Siku moja wakili alilalamika mbona ameketishwa kwenye meza iliyo uchi kama ya kibanda. Laban alimwambia kwa heshima kwamba kitambaa chake kimekaliwa na shahidi. Wakili aligeuka, akamwona msichana wa miaka minne juu ya kreti anatafuna chapati, na inasemekana alicheka mpaka akasahau alikuwa na njaa.

Githinji, mpishi wenu, humwita Prefekti, kiranja wa watoto. Husema watoto wachanga wangekuwa na mifuko ya kutoa bakshishi, Laban angekuwa anamiliki ghorofa letu lote la mtaa wa Pipeline badala ya kupanga vyumba viwili juu kabisa.

Halafu kuna Thuo, ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Wazazi wake walikuwa na kesi ya nani atakaa naye, na kwa miezi mingi walikuja wote wawili saa ya chakula, kila mmoja na meza yake, wamepeana mgongo. Mtoto hakujua aende wapi. Laban alimwekea meza ya tatu katikati, yake peke yake, mahali angeweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo. Hakuna aliyemwagiza. Baba alitusimulia hivyo tu, akivua viatu, kama mtu anayesema mvua ilinyesha.

Kwa miaka yake yote ya kuhudumia hakuna mtoto aliyeungua kwenye meza yake. Naomba msome sentensi hiyo tena, kwa sababu kinachofuata hakichekeshi.

Desemba ya 2023 tulikwenda Naivasha, siku tatu. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza ya kulala nje ya Nairobi ambayo si ya kwenda ushago, kijijini kwetu Mwingi. Mwanzia alikuwa na miaka mitatu, Kavutha mitano, mimi kumi na nne. Siku ya pili tulipanga kula mahali pazuri. Baba aliamka mapema akatembelea hoteli tatu peke yake, na akarudi na maelezo nyuma ya karatasi ya oda. Hakuandika bei za nyama. Aliandika jiko liko mbali kiasi gani na meza, viti vina mgongo au la, na kama wangekubali kuleta chakula cha watoto kwanza. Alikuwa amechagua moja yenye nyasi na meza za mbao tupu, ambapo mpishi alimwonyesha mpaka sufuria.

Mimi niliitaka ile ya tatu. Ilikuwa na madirisha makubwa ya vioo, vitambaa vyeupe vinavyofika magotini, na maua kwenye kila meza. Nilikuwa nimeiona kwenye simu. Lazima niseme pia kwamba shuleni nilikuwa nimewaambia wenzangu baba yangu anafanya kazi kortini. Nilijiambia si uongo sana, ni barabara tu iko katikati. Nilitaka picha za kuwaonyesha, picha za familia ya mtu wa kortini. Nilinuna mpaka mama akauliza kuna nini. Baba alikunja karatasi yake akaitia mfukoni, akasema twende anakotaka Mbinya, lakini meza ataitayarisha yeye.

Tulipofika, mama alimpeleka Kavutha msalani. Tulibaki watatu, baba, Mwanzia na mimi. Baba aliondoa maua. Aliondoa chumvi. Alipoanza kukunja kitambaa, weita wa pale alisimama akitazama, na watu wa meza ya karibu walitazama pia, na msichana mmoja wa rika langu akatabasamu. Nilimwambia polepole, bila kumwangalia:

"Baba, tafadhali. Hapa si kazini kwako."

Aliniangalia kidogo. Halafu alikirudisha kitambaa, akakilainisha kwa kiganja, akarudisha maua. Mama aliporudi alikuta meza imependeza, na nikampiga picha.

Supu ililetwa kwenye bakuli kubwa. Mwanzia alitaka kuona ndani. Alishika kitambaa kwa mikono miwili ili ajivute, vile mtoto yeyote angefanya.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Alilazwa siku kumi na tisa. Aliungua shingo, kifua na mkono wa kushoto. Sasa ana miaka mitano, anakimbia, anaimba, ni mtundu sana, lakini mkono huo haunyooki vizuri na hakubali kuvua fulana mbele ya mtu yeyote, hata Kavutha.

Usiku wa kwanza, kwenye benchi la hospitali, mama alimwambia baba maneno ambayo yamekaa nyumbani kwetu tangu siku hiyo kama mtu wa sita:

"Watoto wa watu unawaona. Wako hukumwona."

Baba alijibu, "Ni kweli, Kanyiva."

Basi. Hakutaja kitambaa wala kile nilichosema. Mimi nilikuwa nimeketi kati yao, nimeshika kiatu kimoja cha Mwanzia, na nilinyamaza.

Januari alirudi kazini. Bi. Mukami, ambaye leo ndiye mkuu wa wahudumu, alinisimulia mwaka jana jambo lililomshangaza, bila kujua ananisimulia mimi nini. Alisema siku ya kwanza ilikuja familia yenye mtoto. Laban alitoa kitambaa, akapanga kreti, kila kitu vilevile. Halafu alichukua birika la chai na kusimama nalo hatua tatu kutoka mezani, na hakuendelea. Alisimama mpaka chai ikapoa. Bi. Mukami akaja akaichukua mikononi mwake. Jioni hiyo Laban alimwambia Bwana Ng'ang'a kwamba miguu inamsumbua, aruhusiwe kuhamia stoo. Ndiyo maana kwa karibu miaka miwili aliyekuwa mkuu wenu wa wahudumu amekuwa akipokea viazi na unga kwenye mlango wa nyuma. Mlimnunulia hata dawa ya kuchua. Iko nyumbani, haijafunguliwa.

Nilijaribu kusema mara moja. Ilikuwa Aprili, mama yuko sokoni, baba anamenya ndizi. Nilisema, baba, ile siku. Hakuniacha nifike mbali.

"Mbinya, pale mezani mtu mzima alikuwa mmoja."

Akaendelea kumenya. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Najua alitaka kunitua mzigo. Lakini mzigo hakuutupa, aliubeba yeye, na mama humwona akiubeba kila siku na kuamini ni wake. Tangu Naivasha mama hajamruhusu kuwapeleka wadogo kula hata chipsi hapo chini. Akitaka kuwatoa, mama husema watakula nyumbani. Baba husema sawa, kisha huenda kukaa kwenye ngazi. Na Ijumaa hii, mama amesema hatakuja kumuaga. Ana mkutano wa chama chao cha akina mama cha kuweka akiba. Sote nyumbani tunajua chama chao hukutana Jumapili. Hataki kuketi hapo asikie mkimsifu kwa vile alivyotunza watoto, na kwa anavyojua yeye, simlaumu.

Kwa hiyo naandika ili ajue. Mama, alikiona kitambaa. Alikuwa amekishika, amekikunja mara mbili. Aliona kila kitu, kama anavyoonaga siku zote, na alikiacha kwa sababu mtoto wake mwingine alimwonea aibu. Picha uliyopigwa siku hiyo bado ninayo. Kwenye kona yake unaonekana mkono wa baba, juu ya kitambaa, umekibana.

Bwana Ng'ang'a, ukiona haya hayafai kuchapishwa kwenye programu ya sherehe, nitaelewa. Nitasimama niyasome. Wanaonijua watakwambia darasani nikiulizwa swali najibu kwa kichwa, lakini nitasoma.

Kwa niaba ya familia nawashukuru nyote. Bwana Ng'ang'a, asante kwa kumpa stoo bila kuuliza mara mbili. Githinji, asante kwa kuendelea kumwita Prefekti hata alipoacha kucheka. Bi. Mukami, asante kwa kulichukua lile birika, na kwa kuwafundisha weita wapya kutoa kitambaa na kupanga kreti mpaka leo. Wako watoto wengi wa Makadara wenye ngozi nzima kwa sababu ya kazi yake, na hawatamjua jina.

Baba, umefika. Tunakuombea asubuhi za kuamka umechelewa, chai ambayo mtu mwingine amekuletea, na mikono iliyotulia. Nakuombea siku moja Mwanzia akushike mkono mteremke ngazi mwende kula mnachotaka, na mtu akiuliza mnaenda wapi, mjibu bila woga. Uwe na maisha mema. Umeyatumikia ya watu vya kutosha.

Karatasi hii nimeiandika siku nne, na kila nikisikia mtu mlangoni nimeitia chini ya kitabu cha Hisabati. Sasa ni saa kumi na mama anapanda na maji kutoka chini. Namjua kwa mtungi, huutua kila ghorofa apumue. Ametua ya nne. Nimefunga kitabu cha Hisabati nikakirudisha kwenye begi. Ametua ya tano. Karatasi iko mezani, maandishi yakitazama juu, na kiti nimekivuta akae. Sasa ni miguu yake tu, na komeo la mlango.