Kanisa la Ha Lekena Limepata Paa, Kondoo Wangu Wamefukuzwa

Mheshimiwa Chifu Letlama, Mchungaji wetu, kina mama wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mlioletwa na harufu ya nyama, nawasalimu.

Mimi ni Khoarai. Asiyenijua kutoka hapa mpaka Maseru bado hajazaliwa. Nani alililinda kanisa hili miaka kumi na tisa, tangu upepo ung'oe paa? Mimi na kondoo wangu! Wenye wivu wanasema nililigeuza zizi. Haya, mwizi gani angethubutu kuiba jiwe mbele ya kondoo dume wangu, aliyewahi kupindua lori la mahindi?

Chifu aliposema mvua za kwanza zisipokuta paa, mawe ya kuta hizi yatakwenda kujenga barabara, wengine mlicheka. Mimi sikucheka. Mama yangu tulimuaga hapa nje, mvua ikipiga jeneza kama ngoma, waombolezaji wakitimua mbio. Ndiyo maana niliitisha letsema, kazi ya kijiji kizima. Wakaja wanaume watatu, mmoja akiwa mgonjwa.

Nikamwendea Mama Mantoetse, mjane wa kaka yangu, mkubwa wa kina mama wa kanisa.

"Shemeji, letsema bila pombe ni harusi bila bibi harusi."

"Nyumba ya Mungu, Khoarai! Hata tone!"

"Basi chungu kikae nje."

"Nje wapi? Pua yako naijua!"

Akahesabu hatua arobaini kwa miguu yake, akachora mstari kwa kisigino nyuma ya jabali, chungu kikawekwa hapo. Ndugu zangu, mmewahi kuona wanaume wakishuka paani kila wakifunga mganda mmoja wa nyasi, eti wanakwenda kusali nyuma ya jabali? Kwa siku tatu tukaezeka lote! Upande wa magharibi umeinama kidogo, sikatai. Huo tuliuezeka baada ya sala ya mchana. Na pombe tamu vile aliipika nani? Simtaji. Ila Mama Mantoetse, mbona unatazama viatu?

Juma lililopita mvua ilinyesha, ndani halikuanguka tone. Shemeji, pokea ufunguo. Watoto wasome humu, kina mama wafume, wafu wetu waagwe pakavu. Yule dume bado anakuja jioni kubisha mlango kwa pembe, usimfungulie. Lakini siku nitakapoletwa mimi, nimebebwa, fungua mbao zote mbili za mlango.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.