Korbinian Anaondoka, na Safari Hii Picha Imepatikana

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulipiga picha Ziwa Hinterau kwa niaba ya Ofisi ya Utalii, Bwana Korbinian Rainer anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba tuliandika hivyo hivyo mwaka juzi, na tukarudia mwaka jana. Keki zililiwa mara zote mbili. Safari hii ni kweli, na sababu tutaieleza.

Korbinian alianza kazi akiwa kijana mwembamba mwenye kamera ya baba yake na imani kwamba picha ya ziwa huharibiwa na mitikisiko. Alianza na miguu mitatu ya kamera. Wapiga picha wengine huning'iniza mfuko wa mawe katikati yake ili isitikisike. Yeye alining'iniza cherehani ya mkewe, Bi Notburga, ambaye mwaka ule wote alishona kwa mkono. Kisha akawageukia ng'ombe, akidai kwamba hatua zao zinafika mpaka kwenye lenzi, nao wakazuiwa zizini asubuhi za picha. Mwisho akamwendea padri kuhusu kengele ya kanisa ya saa moja asubuhi, ambayo kijiji kizima huifuata.

Padri ni mtu mpole. Wakakubaliana kwamba siku za picha kengele ingoje mpaka Korbinian amalize na kupunga kofia akiwa ufukweni, na hapo ndipo iwe saa moja. Asubuhi moja ukungu ulikataa kuondoka juu ya maji, naye Korbinian akakataa kuondoka kabla ya ukungu. Watoto walibaki nyumbani, basi la bonde lilisimama na abiria wake ndani, na mwokaji alifungua duka wenzake wa bonde la pili wakiwa wanakula chakula cha mchana. Hakuna aliyeandikwa kuwa amechelewa, maana saa moja ilikuwa haijafika.

Kwa upande wa mpangilio wa picha, alitufundisha tusiweke kamwe jambo kubwa katikati. Gawanya picha mafungu matatu, alisema, na mbele kabisa weka jiwe au nyasi ili jicho lipate pa kukanyaga linapoingia. Kwa ajili hiyo tulihamisha benchi la ufukweni, kisha banda la mashua. Kwenye mikutano hakukaa katikati ya meza hata siku moja. Hatimaye aliomba baraza la kijiji lisogeze Mlima Graukofel kidogo upande wa kulia. Baraza lilijadili mchana kutwa, likaenda kuutazama, na mlima ukabaki ulipo kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa ya Meya wetu, Bi Kreszenz Oberhofer, na wawili hao hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Lakini matunda tuliyaona. Picha zake za kalenda ya Ofisi zilikuwa wazi kiasi kwamba mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa aliitambua soksi yake iliyopotea, ikiwa imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Sasa tuje kwenye keki zile mbili. Kama mnavyojua, hakuna anayestaafu hapa mpaka picha ya uso wake itundikwe ukutani kwenye korido. Korbinian alizikataa picha zote tulizompiga. Ya kwanza alikuwa amepumua. Ya pili alibana pumzi, sharubu zikacheza na upepo. Tukampaka sharubu mafuta ya nguruwe. Zikatulia, lakini nzi wakaja. Akaamua kujipanga mwenyewe kando ya ziwa, fungu la kushoto, jiwe mbele na mlima nyuma, akatoka mdogo kama punje ya mchele. Meya alisema uso lazima uonekane. Korbinian akajibu kwamba unaonekana, mtu akisogea karibu.

Aliyeumia ni Bi Notburga. Miaka miwili mizima masanduku yake yamesimama mlangoni, yakisubiri kwenda Trieste, ambako amepanga kukaa mbele ya bahari isiyo na mlima wowote nyuma yake. Mwezi uliopita alitangaza, sokoni, mbele ya watu, kwamba basi la tarehe mosi Oktoba atalipanda, akiwa na mume au bila mume. Tunamfahamu. Tulianza kuogopa kweli.

Jumatatu iliyopita aliingia ofisini jua likiwa la utosi, saa ambayo Korbinian huiita saa ya wauaji wa picha. Alichukua kamera ya ofisi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na kapu la vitunguu, na akampiga picha mumewe bila kusimama. Picha ilipochapishwa, Korbinian alitoka katikati kabisa, kidole cha mkewe kikiwa kwenye pembe, uso wote ukiwa na ukungu. Alitoa kioo chake cha kukuzia akaikagua kwa muda mrefu. Sisi tukatazama sakafu.

"Hakuna hata unywele mmoja uliotulia," akasema.

"Mzee, hivyo ndivyo ninavyokuona kila asubuhi kabla sijavaa miwani," akasema Bi Notburga. "Na sijawahi kukosea mtu."

Korbinian aliomba nyundo, akaitundika mwenyewe, akaipima kwa pima maji isije ikawa imeinama, kisha akauliza basi la Trieste linaondoka saa ngapi.

Linaondoka saa moja asubuhi. Asante, Korbinian, kwa kutufundisha kusimama kimya mbele ya kitu kizuri. Wewe na Bi Notburga tunawaombea siku njema, upepo mwingi na maji yasiyotulia. Ombi letu ni moja tu: ukishapanda, toa mkono dirishani upunge kofia. Padri atakuwa ameshika kamba ya kengele, na basi haliondoki mpaka iwe saa moja.